SHAMBA NA BUSTANI: Mti Ununuliwao kwa Jina

Mtu anunuaye mbuzi sokoni humfumbua kinywa amtazame meno, humpapasa mgongo, humtembeza, ndipo hutaja bei. Mtu anunuaye mti kwa posta hana nafasi hiyo. Yeye huona jina katika orodha ya muuzaji, na pengine picha ya tunda lililopasuliwa katikati likaonyesha wekundu wake; hutuma fedha, kisha hungoja. Siku zikipita hupokea kifurushi chembamba, na ndani yake mna kijiti kisicho na jani hata moja, kimeviringishwa katika karatasi yenye unyevu, pamoja na kikaratasi chenye jina. Kama kijiti kile kitazaa matunda matamu au kitakuwa kuni, hayo hayajulikani mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Kwa kweli kitu alichonunua ni jina. Na mti ambao jina lake limewaponza wanunuzi wengi ni mtini.

Biashara ya mimea kwa posta haikuanza jana. Bwana W. Atlee Burpee alianza kuuza mbegu katika mji wa Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, na orodha zake zikafika kwa wakulima waliokaa mbali na miji. Hata hivyo Posta ya nchi hiyo haikukubali kuchukua kifurushi kizito kuliko ratili nne mpaka tarehe 1 Januari 1913, ilipoanzishwa huduma mpya ya vifurushi. Tangu siku hiyo miche yenye mizizi ikaanza kuwafikia wakulima mlangoni kama barua. Siku hizi mtu wa Kenya huweza kuona orodha hizo katika simu yake, akalipa papo hapo kwa simu hiyo hiyo, na mche ukaja kwa Posta au kwa basi. Njia imekuwa nyepesi. Mti wenyewe haukubadilika.

Mbegu kavu huvumilia safari, lakini mmea ulio hai ni taabu nyingine. Katika siku za merikebu mimea mingi ilikufa njiani kwa chumvi ya bahari, kwa kiu na kwa giza. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliona yapata mwaka 1829 kwamba mmea mdogo waweza kuishi ndani ya chupa iliyofungwa bila kutiwa maji, kwa kuwa unyevu wake huuzunguka na kuurudia. Akatengeneza masanduku ya vioo, na mwaka 1833 masanduku mawili yalisafirishwa kwa bahari mpaka Sydney, Australia, na mimea iliyokuwamo ikafika ikiwa hai. Masanduku ya namna hiyo ndiyo yaliyochukua chai, mpira na mimea mingine mingi kutoka bara moja kwenda jingine.

Lakini si kila aliyeagiza alikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, naye akiitaka kwa ajili ya pwani ya Tanga. Ilipofika, miche iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Mtu mwingine angalitupa yote na kuandika barua ya kudai fedha zake. Miche ile 62 ilipandwa, ikazaa vitoto vyake, na vitoto vikazaa vingine. Na mashamba makubwa ya mkonge yaliyokuja kuifanya Tanga ijulikane ulimwenguni yalitokana na mwanzo huo mdogo. Mkonge ni mmea mwepesi wa kuridhisha. Ukipata jua na udongo usiotuama maji hutoa majani, na majani ndiyo yatakiwayo, wala hauhitaji mwenzi wa kuusaidia. Mtini hauko hivyo, na hapo ndipo penye kisa.

Kwa safari, mtini hushinda miti mingi ya matunda. Katika nchi zenye baridi kali hupukutisha majani yake yote, ukalala mpaka baridi ipite. Wakati huo tawi la umri wa mwaka mmoja, lenye unene wa kalamu ya risasi na urefu wa shibiri moja au kuzidi kidogo, huweza kukatwa na kufungwa lisikauke, likakaa majuma kadhaa bila kufa; kisha likipandwa hutoa mizizi na kuwa mti sawasawa na mti lilikotoka. Vijiti hivyo ndivyo viitwavyo vipandikizi. Ni vyepesi, gharama yake ya posta ni ndogo, na mtu huweza kupata aina kumi katika bahasha moja. Kwa sababu hiyo wapenda mitini wa nchi nyingi hununua na kubadilishana kwa posta kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Sasa, katika California, kulikuwa na gazeti moja la San Francisco liitwalo Bulletin, ambalo lilitaka kuwafanyia wasomaji wake hisani. Tini kavu zilizosifiwa sana sokoni zamani hizo zilitoka Smyrna, mji ambao leo huitwa Izmir, katika Uturuki. Kati ya mwaka 1880 na 1882 Bwana Gulian Rixford wa gazeti hilo aliagiza kutoka huko vipandikizi yapata 14,000, navyo vikagawanywa kwa wasomaji. Hapana shaka kila aliyepokea furushi lake alijiona amekwisha kuwa tajiri.

Vipandikizi vilishika vizuri. Miti ikakua, ikatanda majani mapana, na wakati wake ulipofika ikaweka tini. Tini zilipofika ukubwa wa gololi zikanyauka, zikaanguka chini. Mwaka uliofuata mambo yakawa yale yale, na mwaka uliofuata huo vile vile. Wenye mashamba wakatia mbolea, wakatia maji, wakapunguza maji, wakapogoa matawi, tini zikaanguka. Mwishowe wakakata shauri kwamba watu wa Smyrna wamewachezea shere: wamewauzia miti isiyofaa kitu ili wasipate mshindani katika biashara. Wengi wakaing'oa mitini yao kwa hasira, wakapanda kitu kingine.

Lakini watu wa Smyrna hawakuwadanganya. Mitini ile ilikuwa ile ile iliyoagizwa, na jina lilikuwa jina lake la kweli. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakikuwamo katika furushi, wala hakuna aliyekiagiza.

Tini, kwa namna ilivyo, si tunda kama chungwa. Ni kifuko, na maua yake yamo ndani, mamia kwa mamia, nayo hayaoni jua kamwe. Upepo haufiki huko wala nyuki haingii. Mtini wa Smyrna una maua ya kike peke yake, na yasipopata chavua, yaani ule unga wa maua ya kiume, tini yote huanguka. Chavua hiyo hutoka katika mtini dume, mti ambao tini zake hazina ladha wala haziliwi. Na anayeichukua ni nyigu mmoja mdogo kuliko sisimizi. Nyigu huyo huzaliwa ndani ya tini ya mtini dume. Jike hutoka akiwa amepakwa chavua, hutafuta tini changa atakamotaga mayai, hujipenyeza katika tundu dogo lililo kwenye ncha yake, na mara nyingi mabawa yake hukatika hapo mlangoni. Akiingia katika tini ya mtini dume hutaga, na kizazi kikaendelea. Akikosea njia akaingia katika tini ya Smyrna hawezi kutaga, kwa sababu maua yake ni marefu kwake. Huzungukazunguka huku akiyapaka chavua, kisha hufa. Kwa kosa lake hilo tini huiva na kuwa na mbegu zile zinazoifanya iwe tamu kama njugu.

Wakulima wa Uturuki walijua jambo hili kwa vitendo tangu kale. Kila mwaka walichuma tini za mtini dume, wakazitunga katika uzi, wakazitundika katika matawi ya mitini yao. Hata Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliandika habari za wadudu hao zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini mtaalamu Gustav Eisen alipowaambia wakulima wa California kwamba wanahitaji mdudu, walimcheka. Waliona ni ushirikina wa watu wa mbali wasiosoma. Ni ajabu jinsi mtu awezavyo kununua mti wa mwenzake kwa bei kubwa na kuikataa elimu yake hata akipewa bure.

Katika Fresno alikuwako mwenye kitalu mmoja, Frederick Roeding, ambaye hakuridhika na kicheko. Mwaka 1886 alimtuma mtu Smyrna, naye akarudi na vipandikizi vya mitini ya kike pamoja na vya mitini dume. Mwaka 1890 mwanawe, George Roeding, alichukua chavua ya mtini dume akaitia kwa mkono wake ndani ya tini chache. Zile chache zikaiva. Nyingine zote mtini mzima zikaanguka. Baada ya hapo hapakuwa na ubishi tena, ila swali moja tu: mdudu ataletwaje akiwa hai, hali akitoka katika tini haishi zaidi ya siku moja au mbili?

Jibu lililetwa na Walter Swingle, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mwaka 1899 alituma kutoka Aljeria tini za mtini dume zilizochumwa nyigu wakiwa bado wamelala ndani yake, kila moja imeviringishwa katika karatasi ya bati na kufungwa kwa pamba. Zilifika Fresno, zikafunguliwa chini ya mitini dume ya Roeding, nyigu wakatoka wakaingia katika tini changa, wakazaa. Hivyo miti iliyokaa bila faida karibu miaka ishirini iliponywa na kifurushi kidogo ambacho mtu angeweza kukibeba kwa mkono mmoja. Tini hizo zikapewa jina jipya la Calimyrna, yaani California na Smyrna zilizounganishwa, na kwa jina hilo zinauzwa mpaka leo.

Mnunuzi wa leo hana haja ya kungoja miaka ishirini, lakini ni lazima ajue swali la kumwuliza muuzaji kabla ya kutuma fedha: je, mtini huu huivisha tini zake bila nyigu? Ipo mitini mingi ambayo huivisha yenyewe, nayo ndiyo ya kununua kwa bustani ya nyumbani: kama Brown Turkey, Black Mission, Kadota na Celeste. Ipo ya Smyrna, ambayo bila nyigu ni mti wa kivuli. Na kati ya hizo ipo mitini ya jamii ya San Pedro, ambayo huivisha yenyewe mavuno ya kwanza yanayotoka katika matawi ya mwaka uliopita, lakini ya pili huyaangusha asipokuwapo nyigu. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo hajui anachokiuza. Mtu asiyejua kama nyigu huyo yuko karibu naye na ainunue ile ya kwanza, hata kama picha za Smyrna zinamtia mate mdomoni.

Wala asidhani mtu kwamba mkuyu ulio kando ya mto au mugumo wa kijijini utamsaidia. Ni kweli miti hiyo ni ndugu za mtini, na yote miwili huzaa kwa msaada wa nyigu. Lakini mkuyu una nyigu wake na mugumo una wake, na nyigu hao hawashughuliki na mtini wa kigeni. Mkuyu wenyewe ulipata mkasa kama huo huo. Ulipelekwa Misri zamani sana bila nyigu wake, na kwa maelfu ya miaka Wamisri wakaupanda kwa vipandikizi, na wakaivisha tini zake kwa kuzichanja kwa kisu moja moja. Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba nabii Amosi, kabla ya kuitwa, alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Haikuwa kazi ya mchezo.

Hata muuzaji akijibu vizuri, majina yenyewe yana mitego. Mtini mmoja huwa na majina kumi katika nchi kumi, na jina moja hubebwa na miti miwili. Jina Brown Turkey linalotumiwa Uingereza si la mti ule ule uitwao hivyo California. Muuzaji mwema hutaja mahali alikopata mti wake, na huonyesha tini na jani la mti wake mwenyewe wala si picha aliyoiazima.

Jambo jingine, nalo ni zito kuliko kupoteza fedha, ni wageni wasioalikwa. Mwaka 1910 mji wa Tokyo uliupa mji wa Washington zawadi ya micheri 2,000, miti yenye maua mazuri mno. Wakaguzi walipoifungua walikuta wadudu na minyoo ya mizizi, na kwa idhini ya Rais Taft miti yote ikachomwa moto, ijapokuwa ilikuwa zawadi ya urafiki. Wajapani hawakununa, mwaka 1912 wakaleta miti mingine 3,020 iliyo safi, na mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria ya kuzuia mimea yenye magonjwa. Watu wa Kisumu hawahitaji mfano wa mbali hivyo. Gugumaji lililofunika maji ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, likazuia mitumbwi na kuwakosesha wavuvi riziki, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilienezwa ulimwenguni na watu waliolipenda kwa maua yake, wakaliweka katika vidimbwi vya bustani.

Kwa hiyo kuleta kipandikizi kutoka nchi za nje bila ruhusa si ujanja, ni hatari kwa jirani. Katika Kenya kazi hii iko mikononi mwa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea lililoanzishwa mwaka 1996. Ruhusa hutafutwa kwanza, kabla ya mti kuondoka kwao; hupelekewa muuzaji, naye hupata kwa wakaguzi wa nchi yake cheti cha afya ya mmea huo, na kifurushi hukaguliwa tena kinapofika. Udongo hauruhusiwi hata kidogo. Mimea mingine huwekwa kwanza katika kituo cha karantini cha Muguga mpaka ijulikane kuwa haina ugonjwa. Haya yote huchukua siku na fedha, na mara nyingi mtu atakuta ni afadhali kununua mche uliokwisha kukaguliwa, katika kitalu kinachojulikana hapa hapa nchini. Mtini una ugonjwa wake wa virusi unaotia majani mabaka ya manjano na kuyapotosha. Huenezwa na utitiri mdogo sana, na huenezwa na vipandikizi. Hakuna dawa ya kunyunyiza iuponyayo. Picha ya majani ni ya kuangaliwa kwa makini kuliko picha ya tunda.

Kifurushi kikifika kisiachwe mpaka Jumapili. Mche wenye mizizi mitupu hutiwa ndani ya maji saa chache, mizizi iliyooza hukatwa, kisha hupandwa siku ile ile. Shimo likiwa halijawa tayari hulazwa katika mfereji na mizizi kufunikwa udongo mbichi. Kipandikizi hupandwa katika chombo chenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, kimezama mpaka libaki jicho moja au mawili juu, nacho huwekwa kivulini. Watu wengi hukiua kwa mapenzi, kwa kukitia maji asubuhi na jioni. Udongo uwe na unyevu tu. Ukiwa matope kijiti huoza kabla ya kuota mizizi. Kinaweza kutoa majani mawili matatu kwa nguvu zake cha zamani hali chini hakina mzizi hata mmoja, kwa hiyo kisivutwe kutazamwa. Na kwa kuwa vipandikizi vya nchi za baridi hukatwa zaidi kati ya Desemba na Februari, hufika huku wakati jua la nyanda za juu ni kali na mvua ndefu bado. Na vikae kivulini katika vyombo vyake mpaka mvua hizo zianze. Utomvu mweupe wa mtini usiachwe juu ya ngozi penye jua, maana huunguza.

Kikaratasi cha jina kisitupwe. Jina hilo, pamoja na tarehe na mahali mti ulikotoka, liandikwe kwa msumari juu ya kipande cha bati na kufungwa katika mti kwa waya uliolegea, kwa sababu wino hauishi mvua mbili. Mtini mchanga huangusha tini za kwanza hata ukiwa wa aina njema, na ukame huziangusha pia. Lakini zikiendelea kuanguka zikiwa kama gololi mwaka wa tatu na wa nne, na maji yapo, basi tini moja ipasuliwe, na bati lile lisomwe upya.